Fundi wa Ngamiani amefuta mwaka 1912 kwa msasa, na bado ananidai elfu kumi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mkikuta neno kali mnivumilie. Leo siku ya tatu silali vizuri kwa sababu ya ngozi. Ndiyo, ngozi.

Wanaonifahamu wanajua ugonjwa wangu: nakusanya ala za bastola za zamani za kijeshi, ile mikoba ya ngozi inayovaliwa mkandani. Bastola zenyewe sina na sizitaki. Bila leseni ya polisi ni kesi, na sheria ya silaha ya 2015 haina utani. Mjumbe wetu alishawahi kuja kuuliza, nikamfungulia kabati akaangalia, akacheka, akanywa chai akaenda zake. Ninazo ala nne. Tatu ni za Waingereza, za bastola za Webley, hizo ukitulia huzikosi. Ya nne ndiyo iliyokuwa mboni ya jicho langu.

Niliipata Muheza, imetundikwa jikoni juu ya mafiga. Ndani wametia stakabadhi za kodi za marehemu babu yao, na kwenye kile kifuko cha mbele, cha magazini ya akiba (kile kikasha cha risasi), bibi wa nyumba alikuwa anaweka ugoro. Nilitoa laki tatu na nusu papo hapo. (Mke wangu hajui hiyo bei. Mwenye kumjua anisitiri.)

Ilikuwa ala ya Luger P08, bastola ambayo jeshi la nchi kavu la Ujerumani liliipitisha mwaka 1908. Ngozi nene ya kahawia, kifuniko kimebinuka kama gamba la kobe. Ukikifungua unakuta kwa ndani kifuko kidogo sana, upana wa vidole viwili, cha kuwekea kile kichuma cha kufungulia bastola. Kuna kimkanda cha kuvuta bastola ipande juu. Na mgongoni, karibu na vitanzi vya mkanda, mhuri uliogandamizwa kwenye ngozi: BERLIN, na chini yake 1912. Jina la mtengenezaji lilikuwa limelika, zimebaki herufi nne za mwisho. Ukipitisha kidole unazisikia.

Ule mhuri ndio ulikuwa kila kitu. Kila aliyekulia Tanga amesimuliwa Vita vya Nyuki vya Novemba 1914. Waingereza walishuka hapa na watu kama 8,000, wengi wao askari kutoka India. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama 1,000. Wakapigwa, nyuki nao wakawamalizia, wakarudi melini wakaacha bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Kwa hiyo kwamba nyumba za huku zina mabaki ya vita ile, si ajabu. Familia ile inasema babu mkubwa alikuwa askari wa Mjerumani, na mimi naamini. Lakini askari wa kawaida havai bastola kiunoni. Yeye alibeba bunduki, na mwaka ule wengi walikuwa bado na ile ya modeli ya 1871, ukifyatua inatoa moshi kama tanuri la mkaa. Bastola ilikuwa ya Wajerumani wenyewe, wenye vyeo. Basi ala ilifikaje kwenye mafiga ya Muheza? Hapo ndipo ninapolala macho usiku, na shahidi wa kuanzia alikuwa ule mwaka mgongoni.

Sasa. Mshono wa pembeni ulikuwa umefumuka, urefu wa kidole gumba. Uzi wa kitani, wa zamani, umeoza kwa joto na chumvi ya bahari yetu hii. Nikampelekea fundi mmoja wa viatu Ngamiani, jina simtaji, watu wanamsifia. Nikamwambia mara tatu: mzee wangu, shona hapa tu. Usipake kitu. Usisafishe. Tundu ni zilezile, uzi nimekuletea mwenyewe. Akajibu, "Mwanangu, mimi na ngozi tumezaliwa pamoja." Elfu kumi na tano nikatanguliza, ishirini na tano ndiyo bei kamili.

Ijumaa baada ya swala nikaenda kuchukua. Akaitoa kwenye gazeti kwa mbwembwe, kama anamfunua bibi harusi.

Nyeusi. Wakuu, NYEUSI tii, inang'aa kama kiatu cha paredi. Amefumua mshono wote, siyo ule wa kidole gumba, wote, ameshona kwa nailoni. Kingo amezipaka gundi ya viatu. Nikageuza mgongo kutafuta mhuri. Hakuna. Amepiga msasa. "Palikuwa pana mikwaruzo mwanangu, nimepasawazisha."

Nikafungua kifuniko. Kile kifuko kidogo cha ndani amekikata. Alidhani ni kiraka! Kimkanda cha kuvutia amekitupa kwa kuwa kimekauka. Halafu akaingiza simu yake ndani ya ala, akaitoa, akaiingiza tena, akaniambia, "Unaona? Sasa hata simu inaingia, nimeitanua kidogo. Sema alhamdulillah."

Sikusema kitu. Nilikaa kwenye kile kibenchi chake nikanywa maji.

Kwa wasiojua uzito wa rangi: jeshi la Ujerumani liliamuru ngozi nyeusi mwaka 1915, vita tayari imeshachacha. Ala ya 1912 iliyofika Tanga kabla ya hapo ni ya kahawia, na kahawia ile haipatikani dukani, inatokana na miaka na jasho na moshi wa jikoni. Leo nikimwonyesha mkusanyaji yeyote kitu cheusi, uzi wa nailoni, mgongo hauna mhuri, ataniambia nimeuziwa feki ya juzi. Na nitamjibu nini?

Wapo watakaosema, kitu cha mkoloni unakililia nini. Mkoloni gani? Aliyekihifadhi zaidi ya miaka mia ni bibi mwenye ugoro, na alikihifadhi kuliko mimi niliyekipeleka kwa fundi. Hilo ndilo linaloniuma hasa. Pale juu ya mafiga ilikuwa salama.

Jana nikarudi, nikaomba nichakure kwenye taka zake. Alinishangaa lakini akaniachia. Katikati ya soli na vipande vya tairi nimepata kimkanda, kimevunjika mara mbili, na kile kifuko cha ndani. Vumbi la mhuri silidai, limeshakwenda na upepo. Wakati natoka ananiita: "Mwanangu, ile elfu kumi iliyobaki?" Asubuhi hii amenitumia na meseji, na namba ya kulipia.

Sijamlipa na silipi. Ila swali langu kwenu mliowahi kufanya kazi na ngozi za zamani: ile rangi nyeusi naweza kuitoa bila kuimaliza ngozi? Jirani anasema spiriti, mwingine mafuta ya taa, na mimi nahofia yote mawili, ngozi ya umri huu ikishakauka inamomonyoka ikawa unga mwekundu. Na zile studi za shaba, vile vifungo vidogo vya ala, zimeshaanza kutoa kutu ya kijani palipogusana na dawa ya viatu.

Picha ya mhuri ninayo moja tu, nilipiga kule Muheza jikoni na simu ya mkopo. Imetoka na moshi, 19 inaonekana, 12 lazima uamue kuiona. Naiweka usiku nikipata bando.