Tupeane uzoefu: nani alikutoa upweke ulipokuwa unasoma ugenini?

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu anaondoka Septemba kwenda kusoma nje. Kila mtu anamfundisha habari za viza na makoti, upweke hautajwi. Naanza na yangu.

Nilisomea Ankara kwa ufadhili wa serikali ya Uturuki. Mwaka wa kwanza ni wa lugha, na darasani mmejaa wageni watupu. Chuo kilitufanyia sherehe ya kutukaribisha, tukapiga picha, ikaishia hapo. Miezi miwili nikawa natoka darasani napanda kitandani na simu. Jioni moja kijana wa chumba cha jirani akagonga: "Tumepungukiwa mtu wa nne." Walikuwa wanacheza okey, mchezo wa vigae vya namba 1 hadi 13, rangi nne, na kwa kawaida mnakuwa wanne. Sikujua kanuni hata moja. Akanipangia vigae vyangu 14 kwenye kibao, akanisogezea chai. Tangu siku hiyo nisipotokea, natafutwa. Kituruki nilichonacho nilikipata kwenye meza ile.

*Mchangiaji wa pili:* Mkuu, umenigusa. Mimi nilikuwa Bergen, Norwei. Agosti kuna wiki ya kupokea wapya, mnagawanywa vikundi na wenyeji wa kuwaongoza. Jambo zuri, ila usiku ni pombe, nami mtu wa Unguja sinywi. Nikawa naaga mapema. Kufika Ijumaa wenzangu wameshashikana. Kilichoniokoa ni dugnad, msaragambo wao: jengo zima mnatoka kufanya usafi. Nikapewa reki. Jirani ambaye hajawahi kunisalimu kwenye lifti tukaongea kwa muda wa saa mbili. Wanaopanga wiki zile waweke japo jioni moja isiyo na pombe.

*Mchangiaji wa tatu:* Niongee upande wa mwenyeji. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilikaa chumba kimoja na binti wa Kijerumani. Tulimpenda sana. Kila akija kwetu Mbagala anapewa kiti kizuri na soda, sisi tunamtazama. Siku moja akaniuliza kwa Kiswahili chake kichanga, "Kwani mimi mgonjwa?" Iliniuma. Mama akamsogezea ungo wa mchele. Akachambua chuya mpaka magharibi, anacheka na wadogo zangu. Ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mimi niliuona wa kumchoka mgeni. Mama aliuelewa vingine.

*Mchangiaji wa nne:* Mimi naelekea China. Nasikia wageni wanawekwa bweni lao peke yao. Wenyeji nitawapata wapi?

*Mleta mada:* Vyuo vingi ndivyo vilivyo, mdogo wangu. Nenda viwanjani jioni, kwenye kikapu au badminton, simama karibu. Kuna siku watapungukiwa mtu. Na kundi la Watanzania usilitupe. Ukiletewa habari ya msiba nyumbani utataka kulia kwa Kiswahili. Dada wa Mbagala, yule Mjerumani mnawasiliana bado?

*Mchangiaji wa tatu:* Anapiga kila Krismasi. Anampigia mama.