Dawa ya CRISPR ya selimundu: mbona hawarekebishi jeni yenyewe yenye kasoro?

mdau_bayo
Wakuu, tangu 1957 Vernon Ingram alishaonyesha kwamba selimundu ni asidi amino moja tu ya himoglobini kubadilika, glutamiki ikawa valini. Kwenye DNA ni herufi moja: GAG imekuwa GTG. Casgevy, hiyo dawa ya CRISPR iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, inakata BCL11A, jeni nyingine kabisa. Kwa nini wasirudishe ile T iwe A?

kromosomu11
Cas9, ule mkasi wa CRISPR, kazi yake ni kukata DNA. Anayeunga ni seli yenyewe, na mara nyingi huunga ovyo, herufi kadhaa zikapotea au kuongezeka. Ukikata ndani ya beta-globini, jeni yenyewe yenye kasoro, kisha seli isifuate kiolezo (kipande cha DNA sahihi) ulichoipa, umemtoa mgonjwa kwenye selimundu ukampeleka kwenye thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu. Na seli shina za damu zinazodumu hujigawa kwa nadra, ilhali kiolezo hufuatwa zaidi seli inapojigawa.

Ndiyo maana pakatafutwa mahali ambapo kuunga ovyo kunasaidia. BCL11A huzima himoglobini F, ile ya mtoto akiwa tumboni. Hilo lilithibitishwa 2008. Jeni nzima haiguswi, maana seli za kinga nazo zinaihitaji. Kinachoharibiwa ni swichi yake ya kwenye chembe nyekundu. F ikirudi, himoglobini S, ile ya selimundu, inashindwa kujipanga nyuzi zinazokunja chembe.

benchi_la_damu
Kukata ndiyo sehemu nyepesi. Kazi iko kwenye kukusanya seli. Mgonjwa hupewa dawa ya plerixafor ili seli shina zitoke kwenye uboho. G-CSF, dawa nyingine ya kutoa seli hizo, haitumiki, inaweza kumletea shambulio kali. Lengo ni seli milioni 20 za CD34 (alama inayotambulisha seli shina) kwa kila kilo ya uzito, na wengi hurudia kukusanywa. Nyingine milioni 2 kwa kilo huhifadhiwa bila kuguswa, endapo zilizohaririwa zitakataa kushika. Maabara huchukua hadi miezi 6. Kisha busulfan, dawa ya kemo, siku 4 kusafisha uboho, ndipo anarudishiwa seli zake, zisipungue milioni 3 kwa kilo. Busulfan inaweza kuleta ugumba, hivyo mbegu au mayai yahifadhiwe kabla.

mdau_bayo
Akishapona, watoto watarithi?

kromosomu11
Ndiyo mkuu. Kilichohaririwa ni damu, si mbegu wala mayai. Aliye SS (mgonjwa, ana jeni mbili za S) humpa kila mtoto S moja. Mwenzake akiwa AS (ana S moja tu), kila ujauzito una uwezekano wa nusu kwa nusu wa mtoto SS. Mwenzi apimwe himoglobini kwa elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina zake, kabla.