Naomba ushauri: Vita vya Johnson dhidi ya umaskini, vilishindwa au la?

Wakuu, habari za jioni. Naandaa mdahalo wa wanafunzi wangu wa historia kuhusu vita dhidi ya umaskini alivyotangaza Rais Lyndon Johnson Januari 1964, nimekwama kwenye takwimu.

Kiwango rasmi cha umaskini Marekani kilikuwa asilimia 19 mwaka ule. Kufikia 1969 kikawa 12 na ushee. Watetezi watang'ang'ania hapo hapo. Wapinzani watasema uchumi ulikuwa unapaa wenyewe, na kwamba baada ya 1973 kiwango kiligoma kushuka.

Kinachonisumbua ni kipimo chenyewe: kinahesabu kipato cha fedha taslimu tu. Mama aliyepewa kuponi za chakula, wanawe wakatibiwa kwa Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), kwenye karatasi ni maskini vilevile, kana kwamba hajapata kitu!

Sasa niwape kipimo hicho na kasoro zake wabishane wenyewe, au nianze na Medicare ya 1965, yaani bima ya afya ya serikali kwa wazee? Kabla yake karibu nusu ya wazee hawakuwa na bima ya hospitali, jambo ambalo kijana analielewa haraka. Mliowahi kufundisha mada hii nisaidieni, mdahalo ni Ijumaa. Ushabiki wa vyama vya Marekani tuuweke pembeni kwanza, tafadhali.