Ati "petroli ni petroli"? Injini yangu ya tabo iko chini, nimechoka na huu uongo

Wadau, leo naandika nikiwa na hasira. Subaru Forester yangu ya tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi), ile ya lita 2.0 iliyotoka Japani, injini imeshushwa na iko kwa meza ya fundi hapa Kisumu. Silinda namba nne pistoni imevunjika pale kwa ukingo unaoshika ringi, kipande chenyewe ni kidogo kama kucha ya kidole gumba, nimekishika nikakigeuza geuza nikakosa la kusema. Bili inasoma laki moja na themanini na hapo tabo yenyewe bado haijafunguliwa.

Ilianzia Nakuru. Ijumaa nikitoka kazi najaza tangi kwa kituo kimoja pale njiani halafu nashika barabara ya kurudi nyumbani, na kila mara nasema nataka primiamu, ile petroli ya daraja la juu kuliko supa. Siku ya kwanza kijana wa pampu anachomoa noseli ya supa, namuuliza mbona, ananijibu "mdosi, hiyo ingine iliisha Jumatatu, lakini ni ile ile tu, tofauti ni bei." Giza linaingia, nikamwambia sawa weka. Wiki iliyofuata imeisha tena. Mara mbili nimeenda kununua maji narudi napata ameshajaza na risiti imeandikwa supa, na nilikuwa nimemwambia kwa mdomo wangu primiamu, jameni!

Sasa mskize. Supa yetu ya kawaida hapa Kenya ni RON 93 (RON ni kipimo cha oktani, yaani uvumilivu wa petroli kubanwa). Ndani ya kifuniko cha tangi la gari yangu kuna kibandiko kidogo cha Kijapani, mtoto wa dadangu alikipiga na kamera ya simu kikatafsirika: petroli ya oktani ya juu, isiyo na madini ya risasi. Kwao Japani hiyo ya juu inaanzia RON 96 na pampu nyingi zinakaribia 100. Hiyo ndiyo petroli injini ilipangiwa. Unaitoa huko unaileta hapa unaipa 93 halafu unaikanyaga mlimani na tabo imejaa, unategemea nini?

Na wale wa kuniambia ati Wamarekani wanaweka 91 na 93 kwa gari hizi hizi, tafadhali. Namba ya Marekani si RON. Wao wanachukua RON na MON (kipimo kingine cha oktani) wanajumlisha wanagawanya kwa mbili, kwa hivyo 93 yao ukiileta kwa hesabu yetu inafika kama 98 hivi. Watu wanasoma maneno ya Marekani wanaua injini zao Nakuru.

Fundi wa kwanza niliyempelekea, mzee wa heshima zake, aliniambia "kijana wangu, huku kwetu juu hewa ni nyepesi, oktani haina maana." Kwa Probox isiyo na tabo ni kweli kiasi. Kwa tabo si kweli, kwa sababu kazi ya tabo ni kurudisha ile hewa iliyopungua. Nakuru iko karibu mita 1,850, ukipita Salgaa unazidi kupanda, na kompyuta ya gari bado inataka busti yake, yaani ule msukumo wa hewa wa tabo, kwa hivyo tabo inazunguka kwa nguvu zaidi na hewa inaingia kwa injini ikiwa moto zaidi. Oktani si nguvu, wadau, ni uvumilivu wa petroli kubanwa na kuchemshwa bila kulipuka kabla ya wakati wake. Ikilipuka vibaya ndio unasikia ule mlio wa kunoki. Mimi niliusikia nikipita trela kabla ya Mau Summit, kama kokoto zinatikiswa kwa mkebe wa Kimbo, sekunde mbili tatu halafu gari ikawa nzito. Hiyo ni kompyuta imesikia inanoki ikarudisha taiming (wakati wa plagi kuwasha) nyuma kujiokoa. Inajiokoa leo, inajiokoa kesho, siku moja inachelewa.

Mzee akasema ni plagi. Nikanunua plagi. Akasema ni koili, nikanunua koili nne. Hakuna mtu aliuliza nimeweka mafuta gani! Ni jamaa wa laptopu hapa Kisumu aliyesoma kompyuta akapima kompresheni (silinda inabana hewa kiasi gani), silinda tatu ziko sawa, ya nne iko chini kabisa, na swali lake la kwanza likawa "unajazia wapi?"

Msinitajie zile chupa za kuongeza oktani pia. Nyingi zikiandikwa "pointi 5" maana yake ni sehemu ya kumi, yaani 93 inakuwa 93.5. Shilingi zimeenda bure.

Kama una Vitz, weka supa na uende zako, usipoteze pesa. Lakini tabo ya Japani, hata primiamu ya hapa wanayosema ni 95 bado haifiki ilikopangiwa, ndio maana injini ikirudi naipeleka ipangwe upya kwa 95 na busti ipunguzwe, na siku primiamu ikikosekana nitaendesha polepole nyuma ya trela mpaka Kericho, hata kama ni saa nzima.

Kituo chenyewe, kama mnasoma, bandikeni karatasi kwa pampu: PRIMIAMU HAKUNA. Bei yake EPRA, wale wanaopanga bei za mafuta Kenya, haiwapangii, mnaiuza mnavyotaka, basi angalau muwe nayo, na kama hamna semeni hamna. Hiyo "ni ile ile" mwache kabisa.

Wenye tabo wa Molo, Kericho, Awasi, Ahero, ni kituo gani huko kinakuwa na primiamu kila wiki na inauzika haraka, isiyokaa kwa tangi miezi? Nahitaji jibu kabla injini irudi ndani Alhamisi.