Hadithi za "wewe" na ugonjwa wa una-, una-, una-: tupeane uzoefu

Mkunazini: Wana hadithi, mkiandika hadithi inayomsimulia msomaji mwenyewe kwa "wewe", hii mnaitibuje? "Unaamka. Unafunga kanga. Unashuka ngazi. Unafungua mlango. Unatoka." Sentensi tano, na kichwa cha kila moja, yaani mwanzo wake, ni kile kile: una-. Kwa Kiswahili nafsi imeganda kwenye kitenzi, hata ukiifuta "wewe", u- imebaki pale pale.

Wete: Rudisha kwenye -li-, uziunge kwa -ka-: "Uliamka, ukafunga kanga, ukashuka." Vichwa vitano vimekuwa kimoja.

Bububu: Hapo umeficha tu, sheikh. Uka-, uka-, uka- sikio linazisikia.

Wete: Sikio lako wewe.

Malindi: Mtoeni "wewe" kichwani, mumwingize katikati, kwenye -ku-. "Goti linakuuma." "Kifua kinakubana." "Macho yanakuwasha." Msomaji bado ni yeye yule, ila sentensi imefunguliwa na kiungo cha mwili. Lakini chagueni ngeli! Mkiandika "Mkono unatetemeka. Mguu unateleza. Upepo unavuma," una- imerudi kwa mlango wa uani, maana mkono, mguu na upepo zote huchukua u-. Goti ni li-, kifua ki-, macho ya-, shingo i-. Mahali nako kunafaa kutangulia: "Ngazini giza." Haina hata kitenzi. Na "ufikapo Darajani" si dawa, bado ni u-. Semeni "Kabla hujafika Darajani, mvua imeshakukuta."

Chake: Naam, ngeli ndiyo mchawi.

Mkoani: Mie natumia hu- ya mazoea, haina nafsi kabisa.

Bububu: Ndiyo hatari yake. "Hulala saa nne": nani, wewe au jirani? Na "hulali saa nne" ni wewe unakanushwa. Herufi moja tu, hadithi imepinduka. Mtaje mtu kwanza.

Malindi: Haya, ile ya Mkunazini nimeishona upya:

"Saa nane ya usiku. Chini, mlango unagongwa mara tatu. Kanga umeifunga ovyo, ngazi unazihesabu kwa vidole vya miguu. Komeo la chuma, baridi kiganjani. 'Nani?' Kimya. Halafu jina lako linaitwa, na sauti inayoliita ni yako mwenyewe."

Chake: Eee! Aliyegonga nani?

Mkoani: Asifungue huyo!

Mkunazini: Jamani, tumo kwenye vichwa vya sentensi. Oneni "kanga umeifunga": kitendwa mbele, kitenzi kimebeba -i-. Ukiisahau hiyo -i- sentensi inachechemea.

Chake: Sarufi itangoja. Alifungua?

Wete: Msizidishe dawa lakini. Mtu akifukuzwa, "Unakimbia. Unakimbia. Unakimbia." ni ngoma, iacheni ilie. Kwengine kote shika kalamu nyekundu, zungushia silabi ya kwanza ya kila sentensi. Tatu zinazofanana zikifuatana, vunja ya kati.

Bububu: Vunja ya tatu, ndiyo inayochosha.

Wete: Ya kati.

Chake: Malindi, mlango!