Nimebadilisha nywila zote za admini lakini jamaa bado anaingia. Msaada wakuu

Mrithi_wa_Mfumo
Habari zenu wakuu. Nimekabidhiwa mfumo wa kusajili wanachama, umeandikwa kwa PHP tupu, hakuna fremuweki (kiunzi cha kodi kilichotayarishwa tayari). Aliyeuandika ameshaondoka na hakuacha maelezo yoyote.

Tatizo ni kwamba kwenye orodha ya watumiaji zinazuka akaunti zenye mamlaka ya admini ambazo hakuna aliyezifungua. Nikizifuta zinarudi. Nikabadilisha nywila zote za paneli, ndefu za kutosha, zikarudi usiku uleule. Kwenye logi sioni mtu aliyekuwa anabahatisha nywila, ukurasa wa kuingilia hata haujaguswa. Ninachokiona ni mistari ya aina hii:

`POST /admin/ongeza_mtumiaji.php 302 38914`

302 si maana yake amefukuzwa, karudishwa kwenye ukurasa wa kuingilia? Sasa akaunti zinatoka wapi? Nawaza nibadilishe jina la folda ya admin liwe gumu kukisia. Natanguliza shukrani.

NyundoNaKodi
Mkuu, achana na 302, tazama namba ya mwisho. Hizo ni baiti zilizotoka kwenye seva yako kwenda kwake. Jibu la kumrudisha mtu halina mzigo wa kubeba, lingekuwa sifuri au baiti mia kadhaa. Wewe umempa kilobaiti 38. Huo ni ukurasa mzima wa paneli.

Fungua hilo faili. Nina hakika juu kabisa utakuta hivi:

```
if (!isset($_SESSION['admin'])) {
    header("Location: login.php");
}
```

Halafu hakuna `exit;`. Watu wengi wanadhani `header()` inasimamisha programu. Haisimamishi. Inaandaa heda tu (maelezo yanayotangulia jibu la seva), kisha PHP inashuka na mistari ya chini kama kawaida: inapokea fomu, inaingiza mtumiaji kwenye kanzidata, inachora jedwali, inamaliza kazi. Brauza ikiona 302 inahama yenyewe, ndiyo maana wewe ukijaribu unaona ukurasa wa kuingilia na roho inatulia. Mwenzako anatumia curl, zana ya kutuma maombi ya wavuti kwa mstari wa amri, ambayo haihami mpaka uiambie kwa `-L`. Kosa hili ni la zamani, lina namba yake kwenye orodha ya CWE, ya aina za udhaifu wa programu: 698.

Pima kwenye mfumo wako: `curl -i` kwa anwani ya ukurasa wowote wa paneli, bila kuki. Ukiona HTML ya paneli chini ya heda, mchawi umempata.

Kisimbuzi
Mimi ningeanza na uthibitisho wa hatua mbili. Siku hizi nywila peke yake haitoshi.

NyundoNaKodi
Ni jambo zuri lakini hapa halisaidii kitu. Umeongeza kufuli ya pili kwenye mlango wa mbele, na huyu anapita pasipo na ukuta. Ndiyo maana hata nywila mpya hazikumgusa.

Dada_Logi
Nakazia hapo, na niseme kuhusu kubadilisha jina la folda. Jina linavuja kirahisi sana. Linakaa ndani ya faili za JavaScript, kwenye brauza za zamani linavuja kwa heda ya Referer, inayosema mtu ametoka ukurasa gani, na kuna wanaoliandika wenyewe kwenye robots.txt ili injini za utafutaji zisipite, yaani wanamtangazia kila anayetafuta! Ukitaka kupunguza hatari leoleo, funga folda nzima kwenye seva ya wavuti, iruhusu anwani za IP mnazozijua tu, au watu waingie kwa VPN.

Na usijione mzembe kwa kurithi hili. Novemba 2024 paneli ya usimamizi ya PAN-OS, mfumo wa Palo Alto Networks, tena hao ni watu wa ngome za mtandao, ilikutwa na CVE-2024-0012 (CVE ni namba ya kosa la usalama lililotangazwa): ukituma heda ya X-PAN-AUTHCHECK yenye thamani `off`, ukaguzi unazimika. Februari mwaka huohuo ScreenConnect, programu ya kusimamia kompyuta kwa mbali, nayo: unaongeza kipande cha njia baada ya SetupWizard.aspx, ukurasa wa usanidi wa mwanzo unafunguka upya kwenye mfumo ambao tayari unafanya kazi, unajitengenezea admini. Ile ilipewa alama 10 kati ya 10 kwa ukubwa wa hatari.

Kisimbuzi
Basi hamia fremuweki ya kisasa, mambo haya yanashughulikiwa huko.

Dada_Logi
Kwa kiasi. Machi 2025 Next.js, fremuweki ya JavaScript, ilitoa marekebisho ya CVE-2025-29927. Heda ya `x-middleware-subrequest` kutoka kwa mtu wa nje iliweza kufanya midlweya, sehemu inayochuja maombi kabla hayajafika kwenye ukurasa, irukwe kabisa. Aliyekuwa amekagua watumiaji kwenye midlweya tu alibaki mtupu. Aliyekagua tena pale data inaposomwa hakupoteza kitu. Fremuweki ni sawa, ila ukaguzi usikae sehemu moja.

Mrithi_wa_Mfumo
Nimepima kwa curl. Orodha yote ya wanachama imemwagika kwenye skrini. Karibu kila faili la paneli liko hivyo, `exit` nimeikuta kwenye machache tu. Niongeze faili moja moja?

NyundoNaKodi
Ongeza kwa sasa, lakini usiishie hapo, maana kesho mtu ataandika faili jipya na kusahau. Weka ukaguzi kwenye faili moja, kisha tumia `auto_prepend_file` kwenye mipangilio ya PHP ya folda hiyo ili litangulie kabla ya kila ukurasa. Login.php ihamishe nje ya folda, la sivyo hata wewe hutaingia. Na kazi ya kuongeza mtumiaji ikague mamlaka ya anayeomba, isitosheke na kuwa mtu ameingia.

Dada_Logi
Kabla hujasafisha, nakili logi zote pahali pengine. Kisha vunja sesheni zote zilizo hai, badilisha nywila ya kanzidata na funguo zote za API zilizomo kwenye faili la mipangilio, angalia kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba), na pekua folda ya picha zinazopakiwa uone kama kuna chochote kinachoishia na .php. Wanachama nao waambiwe, taarifa zao zimeshaonekana.

Mrithi_wa_Mfumo
Dada, kwenye folda ya picha kuna `thumb_old.php`. Ndani ina mstari mmoja tu, `eval` na maneno yasiyosomeka. Nifute?

Dada_Logi
Usifute bado. Huo ni mlango wake wa nyuma, `eval` inaendesha maandishi kama kodi. Itoe seva kwenye mtandao, nakili diski nzima faili likiwa na tarehe zake, halafu itafute tarehe hiyo kwenye logi uone alianza lini. Mfumo uusimamishe kwenye seva mpya kwa kodi uliyokwisha kuikagua na bakapu ya kabla ya tarehe hiyo. Hii ya sasa hata ukiifagia vipi usiirudishe hewani.