Onyesho la wazimu la Lucia: rekodi ipi, na mgeni wa opera asikilize nini?

BintiNgamiani

Salamu wadau. Kuna jioni ya kusikiliza muziki hapa Tanga mwezi ujao: watu kama 40, ukumbi wa bati, spika mbili na kompyuta mpakato. Wengi ni watu wa taarabu, masikio yamelelewa na Black Star na Lucky Star. Opera hawajawahi kuikalia chini wakaisikiliza. Nina dakika 30 na nimechagua onyesho la wazimu kutoka *Lucia di Lammermoor* ya Donizetti.

Naomba msaada. Niweke rekodi ipi? Mtu asiyejua Kitaliano asikilize nini hasa, asije akaona ni mwanamke anapiga ukelele robo saa nzima? Na maneno: niyatafsiri yote au niyaache? Tafsiri nilizoziona zinapingana, hasa kwenye lile neno "velo".

Mzumari

Dada, watu wa taarabu usiwahofie. Wamezoea mshororo kuvutwa na kurudiwa mpaka maneno yazame ndani ya sauti, kwa hiyo hawatashangaa.

Anza na kisa, kwa ufupi. Lucia anampenda Edgardo, adui wa ukoo wao. Kaka yake Enrico, mali imemwishia, anamwonyesha barua ya kughushi ili aamini Edgardo ana mwingine, kisha anamwoza kwa Arturo. Usiku wa harusi Lucia anamuua bwana harusi chumbani. Wageni bado wako ukumbini na shangwe zao. Kasisi Raimondo, sauti ya besi, anawaletea habari, na baada yake Lucia mwenyewe anatoka. Yeye anajua yuko harusini, ila bwana harusi anayemwona ni Edgardo.

Waambie hilo la mwisho mara mbili. Lucia haimbi ukichaa, anaimba harusi. Ndiyo maana muziki ni mtamu na umepangika. Mtu akingoja vurugu hataisikia, atalalamika kwamba muziki ni mzuri mno kwa msiba ule. Uzuri huo ndio ugonjwa wenyewe: hakuna mwingine ukumbini anayeisikia ile harusi isipokuwa yeye na filimbi.

Basi waambie waifuate filimbi. Mwanzoni Lucia anasema sauti tamu ya Edgardo imemgusa, na sauti inakwenda vipande vipande, karibu na kusema. Kisha anamwita Edgardo wakae kidogo penye chemchemi. Hapo filimbi inaleta wimbo waliouimba wawili kwenye tendo la kwanza, wa kuagana. Kwenye chemchemi ile kuna mzimu wa binti aliyeuawa, na Lucia aliutaja tangu mwanzo wa opera. Sasa anauona unainuka kati yao, muziki unakatika kwa hofu, kisha unatulia ghafla kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwimbaji hodari hubadilisha rangi ya sauti kwenye kila kituo kati ya hivi. Asiye hodari hutumia sauti moja kwa vyote akiisubiri noti ya juu.

Baada ya hapo ubani unafukizwa. Kitaliano ni "Ardon gli incensi", na hili watu wa Tanga hawahitaji maelezo. Sikilizeni kwa makini hapa: filimbi ndiyo inayoanza wimbo, na Lucia anasema maneno yake juu yake: ubani, mienge mitakatifu, kasisi yuko tayari, nipe mkono wa kulia. Wimbo wenyewe anauchukua baadaye, anaposema "hatimaye mimi ni wako". Yaani harusi inaanza kwenye ala, ndipo inamwingia yeye.

KaleTanga

Naongezea palipoachwa. Baada ya sehemu hiyo ya polepole inakuja kadenza: okestra inanyamaza kabisa, wanabaki sauti na filimbi. Filimbi inatupa kipande, sauti inakirudisha, kisha wanakwenda pamoja sambamba mpaka noti ya juu. Halafu makofi, makubwa hasa kama rekodi ni ya jukwaani. Waonye watu kwamba huo si mwisho. Enrico anaingia, kuna mazungumzo mafupi ya hasira na majuto, ndipo unakuja wimbo wa pili, "Spargi d'amaro pianto", mwepesi na wenye mapigo matatu matatu.

Huo huimbwa mara mbili. Mara ya kwanza uwe karibu na ulivyoandikwa. Mara ya pili ndipo mwimbaji anaweka mapambo yake. Rekodi nyingi za zamani zimekata marudio hayo, kwa hiyo sikiliza faili lako lote kabla ya siku yenyewe. Ikiwa marudio hayamo, tafuta jingine, maana watu wa taarabu watampima mwimbaji kwenye kurudia kuliko penginepo.

Mzumari

Kweli, hilo nililiruka.

Sauti_ya_Kaole

Niko Bagamoyo, nafuatilia kwa karibu. Kuhusu rekodi nina msimamo.

Kwa ukumbi wa wageni wa opera: Joan Sutherland. Onyesho lililomfanya awe nyota lilikuwa Lucia ya Covent Garden, London, tarehe 17 Februari 1959, Franco Zeffirelli akiwa mwelekezi na Tullio Serafin akiongoza okestra. Mwaka huohuo alirekodi onyesho hili katika mkusanyo wa nyimbo na Nello Santi. Opera nzima alirekodi 1961 na John Pritchard, tena 1971 na mumewe Richard Bonynge, Pavarotti akiwa Edgardo. Mimi ningechukua ya 1959 ya Santi. Sauti ni changa, kubwa, na wepesi wake kwa ukubwa ule ni jambo adimu. Trili yake, yaani kupokezana haraka kwa noti mbili zinazopakana, ndiyo kipimo cha kuwapimia wengine. Kasoro yake inajulikana: maneno yanamezwa, konsonanti ni laini mno.

Kwa mwenye kutaka maneno: Maria Callas, Berlin, 29 Septemba 1955, Herbert von Karajan akiongoza. Ni ya jukwaani, sauti ya rekodi imefifia, lakini kila silabi ina sababu yake. Ukiweza weka dakika tatu za Callas mwanzoni, pale penye chemchemi na mzimu, kisha onyesho zima la Sutherland.

Usisahau Pretty Yende wa Afrika Kusini, aliyezaliwa Piet Retief. Ameimba Lucia Paris 2016 na Metropolitan ya New York 2018. Kwa ukumbi wenu, kumwona Mwafrika akisimama na kazi hii kuna uzito wake, na sauti yake ina mng'ao wa juu usiotumia nguvu.

Mkufunzi_K

Nakubaliana na Sutherland, sikubaliani na kumtanguliza Callas kwa dakika tatu. Sikio geni likikutana na rekodi iliyofifia kwanza litaamua opera ni muziki wa redio mbovu. Sutherland kwanza, Callas mwishoni kwa atakayebaki.

Sasa jambo ambalo wengi hukosea kulieleza. Noti ile ya juu kabisa, mi bemoli (E-flat kwa Kiingereza), Donizetti hakuiandika. Kadenza ndefu na filimbi nayo si yake: ni ya miaka zaidi ya 50 baada ya onyesho la kwanza la Napoli, 26 Septemba 1835. Huhusishwa na mwalimu Mathilde Marchesi, kwa ajili ya mwanafunzi wake Nellie Melba aliyeimba Lucia Paris mwaka 1889. Donizetti aliacha mahali pa kusimama tu ili mwimbaji ajaze. Hata ufunguo umeshushwa: yeye aliandika katika fa, sisi tumezoea mi bemoli. Usiseme ukumbini "Donizetti ameweka noti hii hapa kuonyesha wazimu."

Tena alitaka ala nyingine. Muswada wake ulikuwa na armonika ya vioo, akaifuta mwenyewe na kuandika filimbi. Hiyo armonika ni ya Benjamin Franklin, 1761: mabakuli ya kioo yamepangwa kwenye mhimili unaozunguka, mpigaji anagusa kingo kwa vidole vilivyoloana. Beverly Sills alirekodi Lucia 1970 chini ya Thomas Schippers akitumia ala hiyo. Sauti yake haina mwanzo wala mwisho, na kwa maoni yangu inatisha kuliko filimbi.

Unaweza kuwaonyesha kwa bilauri nyembamba ya mguu. Ioshe kwa sabuni mpaka mafuta yatoke, loanisha kidole, zungusha kwenye ukingo polepole bila kukandamiza. Isipolia, aghalabu ni mafuta ya kidole: kinateleza badala ya kukwama na kuachia kidogokidogo, na huko kukwama ndiko kunakotoa sauti. Ukiongeza maji sauti inashuka. Glasi nene za chai usihangaike nazo.

BintiNgamiani

Shukrani sana, Mwalimu. Hilo la bilauri nalichukua. Sasa niwaambie wasikilize makosa gani? Watu wetu hupenda kujua mwimbaji amepatia au amekosa, si kupiga makofi tu.

Mkufunzi_K

Matatu yatatosha.

La kwanza ni mbio za noti. Zikiwa safi, kila noti inasikika peke yake huku pumzi ni moja. Mwimbaji aliyezidiwa husukuma "h" kati ya noti, unasikia ha-ha-ha-ha. Ni njia ya mkato: koo limekaza, anatumia hewa kutenganisha noti. Mkishaisikia mara moja hamtaacha kuisikia.

La pili ni trili. Chukua kinanda kidogo, bonyeza noti mbili zinazopakana kwa zamu, polepole, kisha haraka. Hiyo ndiyo trili, noti mbili. Wengi hupanua mtetemo wa kawaida wa noti moja, ule wa mara tano hadi saba kwa sekunde, wakadai ni trili. Ukijiuliza "noti ya pili iko wapi?" na huipati, basi haipo.

La tatu ni mi bemoli yenyewe. Kwenye kinanda tafuta mi bemoli iliyo juu tu ya do ya katikati, panda oktava mbili. Ni karibu mitetemo 1,245 kwa sekunde. Huko juu irabu zote huelekea "a", kwa hiyo msidai maneno. Dai usafi: ianze palepale bila kuvutwa kutoka chini, na ikae. Ikishuka, mara nyingi pumzi iliisha kwenye kadenza. Wakati mwingine filimbi ndiyo imepanda, kwa kuwa filimbi ikipata joto hupanda na sauti ya mtu haifuati. Na kwa kuwa wamekwisha kuimba wawili peke yao, hakuna pa kujificha okestra inaporudi.

Kosa la nne si la koo: kucheka, kupiga mayowe, kukatakata mstari ili "kuigiza kichaa". Mwimbaji akifanya hivyo mimi humwona hajauamini muziki.

FundiSpika

Mimi nina la mitambo tu. Onyesho hili linaanza chini sana na kuishia juu sana. Ukipanga sauti kwa dakika ya kwanza, mwisho utapasua spika na masikio. Panga kwa ile noti ya mwisho: icheze kwanza ukumbi ukiwa mtupu, weka kiwango ambapo haikwaruzi, kisha usiguse tena. Mwanzo ukionekana mdogo, zima feni za dari kwa dakika zile, maana mvumo wake unaifunika filimbi. Bati hurudisha sauti za juu vibaya, kwa hiyo spika zikae usawa wa masikio ya waliokaa, zielekee watu, zisielekee juu. Tumia waya, si bluetooth, na faili lililopakuliwa, usitegemee mtandao. Mvua ikianza kunyesha juu ya bati, simamisha.

Sauti_ya_Kaole

Kuhusu maneno: usitafsiri yote. Watu watasoma karatasi badala ya kusikiliza. Nusu ukurasa, mistari sita au saba kwa vituo alivyovitaja Mzumari, na "Spargi" kamili, kwa sababu ni fupi na ndiyo itarudiwa.

"Velo" ndipo watafsiri wanapoteleza. "Il mio terrestre velo", maneno ya "Spargi", si shela ya bibi harusi. Ni mwili, stara ambayo roho imejifunika hapa duniani. Lucia anamwambia Edgardo: mwagia machozi machungu stara yangu ya duniani, nami huko mbinguni nitakuombea, utakapofika wewe tu, ndipo mbingu zitakuwa nzuri kwangu. Yaani anazungumzia maiti yake mwenyewe, kwa wimbo mwepesi wa kuchezeka. Mimi ningeandika "stara". Ukiandika "shela" maana inapotea. Ukiandika "mwili" utaua ule mwangwi wa harusi.

Na kwa wapenzi wa mashairi: kila mshororo una mizani saba, vina ni velo na cielo, te na me. Wasomee Kitaliano mara moja kwa sauti kabla ya kucheza, bila kuimba. Wataukamata mshororo unaporudi na mapambo, watajua nini kimeongezwa na nini ni cha mtunzi.

BintiNgamiani

"Stara", naandika hivyo. Mpango basi: kisa, bilauri, kinanda kwa trili, kusoma "Spargi", kisha Sutherland na Santi nzima bila kukatiza, feni zimezimwa. Nimekagua faili: marudio yamo. Callas kwa watakaobaki.

KaleTanga

Weka na kimya cha nusu dakika baada ya noti ya mwisho kabla mtu hajashika kipaza sauti. Kwenye opera yenyewe Lucia haonekani tena.